Mchungaji Aliyerudi na Mawe: Kisa cha Talmage wa Brooklyn

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 13 Oktoba 1889, kanisa la Brooklyn Tabernacle kwenye mtaa wa Schermerhorn liliteketea. Lilikuwa la pili kwa jina hilo. La kwanza nalo lilikuwa limeungua Jumapili, tarehe 22 Desemba 1872. Kabla Oktoba haijaisha mchungaji wake, Thomas De Witt Talmage, alikuwa baharini akielekea Nchi Takatifu. Hakutoroka. Waumini walimuaga kwa heshima zote, huku wadhamini wa kanisa wakibaki na majivu, kiwanja kipya kwenye kona ya barabara za Clinton na Greene, na kazi ya kutafuta fedha. Februari 1890 alikuwa amekwisha rudi. Katika mavuno ya safari ile kulikuwa na mawe: kutoka Sinai, kutoka Kalvari, na kutoka kilima cha Areopago kule Athene, yote yakiwa yamepangiwa kuingia katika ukuta wa jengo jipya.

Magazeti ya New York yalicheka. Kwa wachora katuni Talmage alikuwa riziki ya kila juma: mdomo mpana, mikono inayorushwa hewani, na mtu anayesimulia Yerusalemu kana kwamba mji ule ulikuwa ukimsubiri yeye afike ndipo uanze kuwa na maana. Kichekesho kipo, hatukikani. Ila ukiipitia safari hii hatua kwa hatua, hasa upande wa mizigo, uchapaji na madeni, unaona kwamba majivuno ya Talmage yalikuwa ndiyo mtaji wa kanisa lake. Kanisa lile halikuwa na chanzo kingine cha fedha cha kuaminika, na hapo ndipo kisa kinapoanza kufundisha kitu.

Desturi aliyoikuta

Safari ya ng'ambo ya mchungaji wa mjini ilikuwa jambo la kawaida Marekani ya wakati ule. Julai na Agosti makanisa makubwa ya New York, Brooklyn na Boston yalifunga milango au yalibakiza ibada moja nyembamba, kwa sababu wenye viti vya kulipia walikuwa wamekwenda milimani na pwani. Mchungaji naye alipewa likizo, na mara nyingi bahasha. Ilikuwapo hata hati ya daktari: maumivu ya koo ya wahubiri yalikuwa na jina lake la Kilatini, dysphonia clericorum, na dawa iliyopendekezwa mara nyingi ilikuwa kupumzisha sauti na kubadilisha hewa. Fundi seremala mwenye koo kama hilo hakuandikiwa Uswisi.

Mchungaji alirudi Septemba, na kurudi kwenyewe kulikuwa na mpangilio uliojulikana. Jumapili ya kwanza mahubiri ya dhoruba ya baharini, na dhoruba haikukosekana hata kama bahari ilikuwa shwari. Katikati ya juma mazungumzo katika mkutano wa sala. Baadaye mhadhara wa kulipia kiingilio, wenye picha za vioo zinazorushwa ukutani kwa taa. Juu ya meza viliwekwa vitu vya ushahidi: chupa ya maji ya Yordani, albamu yenye jalada la mti wa mzeituni na maua makavu ya Bethlehemu yaliyobandikwa ndani. Vitu hivyo viliuzwa tayari Yerusalemu, kwa hiyo wachungaji wawili wa mtaa mmoja waliweza kurudi na ushahidi uleule kabisa.

Brooklyn ilikuwa na historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1867 watu wa karibu na kanisa la Plymouth, la mhubiri Henry Ward Beecher, waliandaa safari ya meli ya Quaker City kwenda Ulaya na Palestina, nauli dola 1,250 kwa mtu. Beecher alitangazwa kuwa abiria mkuu, kisha hakwenda. Walioenda walijulikana kwa kumegua vipande vya kila mnara uliosimama mbele yao. Kwa hiyo Talmage hakuvumbua tabia ya kurudi na jiwe. Alichofanya ni kuitoa mfukoni na kuipeleka kwa mwashi.

Mtu na nyumba yake

Talmage alizaliwa New Jersey mwaka 1832, akahudumu Belleville, Syracuse na Philadelphia kabla ya kuitwa Brooklyn mwaka 1869. Tabernacle yake ya kwanza, ya mwaka 1870, haikufanana na kanisa: viti vilipangwa nusu duara kama ukumbi wa maonyesho, hakukuwa na kwaya, na wimbo uliongozwa na mpiga tarumbeta ili umati wote uimbe. Mimbari haikuwapo. Palikuwa na jukwaa pana, na mhubiri alilitembea lote, mara nyingine kwa mbio, hadi ukingoni.

Muundo huo una matokeo ya kifedha ambayo wacheshi wa magazeti hawakuyagusa. Kanisa la Plymouth lilikuwa na mnada wa viti kila mwaka: tajiri alinunua kiti chake, na wadhamini walijua mapema mapato yatakuwa kiasi gani. Tabernacle ilianza kwa viti vya bure na ahadi za hiari. Umati ulikuja, maelfu kwa Jumapili moja, lakini sehemu kubwa walikuwa wapita njia: wageni wa hoteli, vijana waliovuka kutoka Manhattan, watu wa mashambani waliokuja mjini mara moja kwa mwaka na walitaka kumwona Talmage kama walivyotaka kuliona Daraja la Brooklyn. Wageni hutoa senti. Wenyeji wenye jina kitini ndio wanaobeba deni.

Ukiwa na kanisa la namna hiyo, mchungaji asiyezungumzwa mjini kwa miezi mitatu ni hasara inayoonekana katika sahani ya sadaka. Beecher alikufa Machi 1887, na tangu hapo Talmage alikuwa ndiye sauti kubwa zaidi Brooklyn bila mpinzani. Alikuwa amekwisha pitia mengi ya kumfanya azungumzwe. Mwaka 1870 mwandishi Mark Twain alimcharaza kwa maandishi kuhusu kauli yake juu ya harufu ya wafanyakazi kanisani. Mwaka 1879 presbiteri ya Brooklyn, yaani baraza la kanisa lake la Kipresbiteri, ilimshitaki kwa uongo na udanganyifu, akaachiwa. Kila mara umati uliongezeka. Mtu aliyejifunza kwamba hata kushitakiwa kunajaza viti hawezi kutarajiwa kusafiri kimyakimya.

Mahubiri yaliyotangulia meli

Mahubiri ya Talmage yalichapwa kila wiki katika magazeti ambayo wachapishaji waliyahesabu kuwa zaidi ya 3,000. Kazi ya kuyasambaza ilikuwa na mfanyabiashara wake, Louis Klopsch, na Klopsch huyo alikuwa pamoja naye katika safari ya Palestina. Hili lizingatiwe: mchungaji alikwenda kuhiji akiwa na msambazaji wake pembeni.

Mahubiri marefu yana maneno kama 4,000. Simu ya maandishi chini ya Atlantiki mwishoni mwa miaka ya 1880 ilitoza karibu robo dola kwa neno kutoka Uingereza hadi New York, na kutoka Palestina ilizidi. Mahubiri mamoja yangegharimu dola 1,000 au zaidi, na hakuna gazeti la mji mdogo wa Kansas ambalo lingelipa. Njia iliyotumika katika biashara ile ilikuwa nyingine: kampuni za usambazaji zilipanga herufi, zikamimina bamba nyembamba za madini ya risasi zenye safu kamili za maandishi, zikazituma kwa treni. Mhariri wa mjini alizipachika juu ya vibao vya kuzishikilia, akakata kwa msumeno safu iliyozidi, akachapa. Kila hatua ilikula siku. Bamba lilitakiwa liondoke kiwandani siku nyingi kabla ya Jumapili yenyewe.

Maana yake ni rahisi. Msomaji wa Marekani aliyesoma Jumatatu mahubiri yaliyopewa kichwa cha mji wa Maandiko alioufikia Talmage, alisoma kitu ambacho hakikuweza kuwa kimeandikwa baada ya mhubiri kuuona mji huo. Machozi ya mlimani yalikuwa yamekwisha yeyushwa kuwa risasi wakati mlima bado haujaonekana. Hatusemi hakulia alipofika. Tunasema ratiba ya uchapaji haikumwachia nafasi ya kufika na kuona kitu tofauti na alichokuwa ameandika.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza ya safari za aina hii, na ni kasoro ya kiufundi kuliko ya kimaadili. Mtu akiuza maelezo kabla ya kuona, macho yake yanatumika kuhakiki. Kila kilichokubaliana na maandishi kiliingia katika mihadhara, kilichopingana kilisahaulika.

Jinsi ya kuhamisha jiwe la Biblia

Hapa patulie kidogo, maana ndipo ujasiri wa Talmage unapoonekana kwa kilo.

Mwaka 1889 reli ya Yafa hadi Yerusalemu ilikuwa haijafunguliwa, ilifunguliwa 1892. Msafiri alikwenda kwa gari la farasi au juu ya mnyama, kiasi cha kilomita 65, siku nzima ya kutwa. Yafa yenyewe haikuwa na bandari ya maana. Meli zilitia nanga mbali, na abiria na mizigo vilishushwa katika mashua za makasia zilizopenya kati ya miamba; bahari ikichafuka meli ilipita moja kwa moja na abiria wakashuka wasikokutaka. Mzigo wa jiwe katika mashua kama hiyo unawekwa chini kabisa, katikati, kabla watu hawajaingia. Ukiwekwa upande mmoja, wimbi la kwanza penye miamba linaamua mambo.

Sinai ni kazi nyingine. Msafara wa ngamia kati ya Suez na monasteri ya Mtakatifu Katherina ulihesabiwa siku nane hadi kumi kwenda tu. Ngamia wa mzigo hubeba kilo 150 hadi 200, naye hubeba kwa pande mbili: jiwe moja zito halifungiki, litamchuna au litamwangusha. Granite ina uzito wa kilo 2.65 hivi kwa kila lita moja ya ujazo. Bamba la urefu wa sentimita 50, upana 35 na unene 18 lina uzito wa karibu kilo 83. Mabamba mawili ya kipimo hicho, moja kila upande, ni mzigo kamili wa ngamia mmoja na unakaa sawa. Ongeza unene hadi sentimita 30 na tayari umevuka kilo 270 kwa jozi, na ngamia anabaki amepiga magoti. Kutoka Suez mzigo ungefuata mfereji hadi Port Said, uingie melini, ubadilishwe Uingereza au bandari ya Ulaya, ufike New York, upite forodhani, na hatimaye upande gari la farasi hadi Brooklyn.

Jiwe la Kalvari lilikuwa na tatizo ambalo halipimwi kwa mizani. Mwaka 1889 kulikuwa na Kalvari mbili. Ya kale imo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, imefunikwa kwa marumaru na taa, na inalindwa na makasisi wa madhehebu yanayogombania hata ngazi ya kupandia. Ya pili ni kilima kilicho wazi nje ya lango la Damasko, chenye mapango yanayofanana na matundu ya macho. Jenerali Charles Gordon alikipigia debe kuanzia 1883, na Waprotestanti wengi walikipenda kwa sababu hakikuwa na ubani wala foleni. Mtu anayetaka kubeba jiwe zima nyumbani hana uchaguzi mkubwa. Ya kwanza haichukuliki. Kwa lugha nyingine, mabishano ya wataalamu kuhusu mahali pa kusulubiwa yaliamuliwa, kwa upande wa Brooklyn, na urahisi wa kupakia.

Muumini aliyekaa mbele ya ukuta ule hakuelezwa hayo. Jiwe likishajengewa na kuandikwa, swali la uhakika wake linakuwa utovu wa adabu.

Yordani

Tukio la Yordani lilisimuliwa sana baadaye. Talmage alimbatiza mtu mtoni, kwa kuzamisha. Wapresbiteri hubatiza kwa kunyunyiza. Kuzamisha hakukatazwi, ila hawakuhitaji, na mchungaji wao wa kawaida angeweza kumaliza huduma yake yote bila kulowesha koti. Msafiri wa kwenda mahali pale alishuka kutoka Yerusalemu, iliyo mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi bonde lililo zaidi ya mita 350 chini ya usawa huo, na alimlipa shehe wa Wabedui ili apewe walinzi wa njia. Mto ni wa rangi ya udongo, kingo zake ni tope linaloteleza, na mkondo una nguvu kuliko picha za kanisani zinavyoonyesha. Anayebatiza anapaswa kusimama upande ambao maji yanatoka, ili mkondo umsukume mbatizwaji kumwelekea msaidizi wa chini badala ya kumburuta kuelekea Bahari ya Chumvi. Vazi refu linalovaliwa juu ya nguo linabeba maji mengi na linavuta miguu.

Tunaliona tukio hili kuwa tofauti na mawe. Mtu aliomba, mchungaji akaingia tope. Kilichofuata jukwaani kilikuwa mbwembwe, lakini kitendo chenyewe kilikuwa kazi ya mchungaji.

Hawarden, au namna ya kurudi ukiwa umeinuliwa

Njiani kurudi, Januari 1890, Talmage alipitia Hawarden, Wales, kumwona William Gladstone, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Gladstone alikuwa ametimiza miaka 80 wiki chache nyuma, hakuwa madarakani, na alipenda kuwatembeza wageni kwenye shamba lake la miti, ambako sifa yake ya kukata miti kwa shoka ilijulikana dunia nzima. Kwa mzee yule ilikuwa ziara moja kati ya nyingi. Kwa Talmage ilikuwa mali ya miaka kumi iliyofuata. Aliirudia katika mihadhara, na kwa kila kuirudia Gladstone alizidi kusikiliza na Talmage alizidi kusema. Wanaojua mikutano ya injili ya kwetu wanamfahamu mtumishi huyu: alipigwa picha na waziri katika chumba cha wageni, na kufikia Pasaka waziri amekuwa rafiki wa familia.

London ilileta kitu cha thamani zaidi kuliko Gladstone. Klopsch alikutana huko na mmiliki wa gazeti la Christian Herald, na matokeo yake toleo la Marekani likaingia mikononi mwa Klopsch, Talmage akiwa mhariri kuanzia 1890. Mhariri huyo aliendelea hadi kufa kwake mwaka 1902. Kwa hiyo mchungaji aliyeondoka bila jengo alirudi na gazeti, na pia na malighafi ya kitabu kikubwa cha maisha ya Kristo kilichotoka mwaka huohuo wa 1890. Ukihesabu kibiashara, hii ilikuwa safari nzuri kuliko zote alizofanya. Mawe yalikuwa matangazo yake tu.

Kurudi kwenyewe

Washirika hawakuwa na nyumba, kwa hiyo walikutana katika Chuo cha Muziki cha Brooklyn, ambacho kilikuwa ukumbi wa opera. Jumapili jioni Talmage alihubiri ng'ambo ya mto katika ukumbi wa namna hiyohiyo mjini New York, chini ya bendera ya gazeti lake jipya. Kumbi hizo zina viti vya ngazi, jukwaa refu na mwanga wa kuigizia. Kwa mhubiri mwingine ingekuwa shida. Huyu alikuwa amejenga makanisa mawili kwa kuiga kumbi za aina hiyo.

Mahubiri ya wakati huo yana alama inayotambulika: mahali ni pale alipokaa msemaji. Mlima, kisima, lango, vyote vinaanza kwa "nilisimama", "niliketi", "nilikunywa". Wakosoaji waliona kiburi. Msikilizaji wa Brooklyn, ambaye asingekwenda Yerusalemu maisha yake yote, aliona shahidi. Msemaji mmoja akifanya hivyo mara moja, unaamini. Akifanya kila Jumapili kwa mwaka mzima, Kristo anaanza kuonekana kama mwenyeji aliyempokea mgeni mashuhuri. Talmage alivuka mstari huo mapema na hakurudi nyuma.

Penye kupasuka

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na yake ilipasukia kwenye rehani.

Tabernacle ya tatu iliwekwa wakfu Aprili 1891. Ilikuwa na viti maelfu, kinanda kikubwa cha mabomba, na mawe yake ukutani. Fedha hazikutosha. Jengo lilikamilika kwa mkopo mkubwa, na mdai mkuu alikuwa Russell Sage, tajiri wa New York aliyejulikana kwa kutosahau riba. Hesabu ilikuwa mbaya kwa sababu tatu zinazoshikana. Ukubwa wa nyumba ulipangwa kwa umati wa Jumapili yenye habari mpya, wakati gharama za joto, mwanga na riba zinatozwa hata Jumapili ya mvua. Ahadi zilizotolewa siku ya hamasa, mchungaji akiwa amerudi na vumbi la Galilaya bado viatuni, zililipwa kidogo kidogo au hazikulipwa. Na wachangiaji wakubwa waliojua kwamba mchungaji ana gazeti, vitabu na mihadhara ya kulipiwa walijiuliza, kwa haki, kwa nini deni lisianze kwake.

Swali hilo la mwisho ndilo lililoumiza kuliko mengine. Umaarufu wa safari ulikuwa na mifuko miwili. Mihadhara na vitabu viliingia mfuko wa mtu. Jengo na riba vilikuwa vya kanisa. Hakuna ushahidi kwamba alikula fedha za kanisa, na hatudai hivyo. Ila mpango wenyewe uliwabebesha wadhamini hasara ya jina ambalo faida yake ilikwenda kwingine. Mapema mwaka 1894 mambo yalifikia Talmage kutangaza kwamba atajiuzulu, kisha akabembelezwa akabaki.

Lau kanisa lingefanya hesabu ya kawaida mwaka 1889, lingejenga ukumbi wa nusu ya viti vile bila deni, likamwachia mchungaji akodi ukumbi wa opera kwa majuma aliyorudi kutoka safarini. Fedha zilizotumika kwenye ukuta zingelipa kodi hiyo kwa miaka. Lakini huwezi kujengea jiwe la Sinai katika ukumbi wa kukodi.

Kiangazi cha 1892: majivuno yakifanya kazi

Ili tusimwonee, ipo safari ya pili ya kulinganisha nayo. Njaa ya Urusi ya 1891–1892 iliwafanya Wamarekani wapeleke meli tano za chakula. Moja, Leo, ilijazwa unga kwa michango iliyokusanywa kupitia Christian Herald. Talmage na Klopsch walivuka kiangazi kile kwenda kuikabidhi, na Talmage alipokewa na Kaisari Alexander III huko Peterhof. Alirudi akisimulia Kaisari kama alivyosimulia Gladstone, kwa urefu uleule na kwa umuhimu uleule wa msimuliaji.

Tofauti iko kwenye mzigo. Unga ulipimwa, ulipakiwa, ulipokelewa, na wenye njaa waliula. Msomaji aliyetoa dola alikuwa na meli yenye jina na bandari ya kufikia. Jina kubwa la mchungaji lilitumika kufungua milango ya forodha na ikulu, kazi ambayo mtu mnyenyekevu angeifanya kwa miezi mingi zaidi. Gazeti hilohilo liliendelea baadaye kukusanya fedha za njaa kwa nchi nyingine, na mbinu ilikuwa ileile: uso unaojulikana, mzigo unaohesabika, taarifa ya mapokezi. Majivuno yaleyale, yakiwa yamefungwa kwenye risiti.

Moto wa tatu

Mei 1894 kanisa lilisherehekea miaka 25 ya uchungaji wake Brooklyn, kwa hotuba na salamu kutoka kila upande. Jumapili iliyofuata, tarehe 13, mara baada ya ibada ya asubuhi, moto ulizuka upande wa kinanda. Watu wengi walikuwa wametoka. Jengo liliungua lote pamoja na hoteli ya Regent iliyopakana nalo. Moto wa tatu, Jumapili ya tatu. Mhubiri mwingine angelitafuta fungu la Maandiko. Wakaguzi walitazama nyaya za umeme.

Bima ya jengo lenye rehani humlipa kwanza mwenye rehani. Kilichobaki kwa waumini kilikuwa kiwanja, kifusi na wadai. Tabernacle haikujengwa tena.

Talmage alikuwa amepanga safari ya kuizunguka dunia, naye hakuiahirisha. Alivuka Marekani, akapanda meli San Francisco, akapita Honolulu, New Zealand, Australia na India kiangazi kile chote, akihutubia alipofika, mahubiri ya kila wiki yakiendelea kutoka magazetini kama kawaida. Aliporudi hapakuwa na ukumbi wa kupokelea, wala wadhamini waliotaka kusikia habari za jengo la nne, na kabla mwaka haujaisha aliachana na Brooklyn. Kitabu cha safari kilitoka 1896. Wakati huo alikuwa Washington, katika kanisa la First Presbyterian, alikohamia mwaka 1895 kama mchungaji mwenza, akishirikiana mimbari na mzee Byron Sunderland, aliyekuwa pale tangu 1853 na hakuwa na mpango wa kwenda popote.